Sura ya Sita: Moto Usiowekeka Chunguni

Kila yanapozungumzwa mambo ya jua na nguvu zake mbele ya watu ambao hawakupata kusoma sayansi vyuoni, swali moja hutangulia mengine yote, nalo huulizwa kwa haki kabisa: ikiwa wataalamu wanadai kwamba wamewasha hapa duniani moto unaoshinda joto la kitovu cha jua, moto huo wameuweka katika chombo gani? Chuma huyeyuka, jiwe huyeyuka, na watu wa Goma walioushuhudia mto wa moto wa Nyiragongo ukipita katika mitaa yao Januari 2002, kisha ukaufikia tena ukingo wa mji Mei 2021, hawahitaji kuhadithiwa na yeyote kwamba liko joto lisilozuiliwa na ukuta.

Huko Mushaki, juu ya vilima vya Masisi, katika njia ipandayo kutoka Sake, swali hili lina mwenzake. Njia hiyo ndiyo inayoshusha magunia ya mawe kutoka machimbo ya Rubaya kwenda Goma na nchi za nje, na mtoto wa shule anayeyaona yakipita hana budi kuuliza huko yaendako yanakwenda kufanya kazi gani. Jawabu lililozoeleka ni kwamba yanakwenda kutengeneza simu. Jawabu hilo ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu katika madini ya Masisi, Walikale na Rutshuru yamo yale yale ambayo bila ya jinsi yake ule moto uliotajwa hauwezi kushikwa kwa muda mrefu. Maswali haya mawili, basi, nitayajibu pamoja.

Daraja ya nne ya vitu

Barafu ikipata joto huwa maji, na maji yakizidi kupata joto huwa mvuke. Hizo ni daraja tatu ambazo kila mpishi anazijua. Ukizidisha joto kupita hapo, huvunjika atomi zenyewe. Atomi ni chembe ndogo ambayo kila kitu kimejengwa kwayo, nayo ina kiini katikati na elektroni zinazokizunguka. Kiini kina chaji chanya ya umeme, elektroni zina chaji hasi. Joto likizidi, elektroni hubanduka zikaenda zao, na kiini kilichopokonywa elektroni huitwa ioni. Mchanganyiko huo wa ioni na elektroni zilizoachana, kila moja ikikimbia upande wake, ndio unaoitwa utegili, na wengine huuita plazma.

Asidhani msomaji kwamba utegili ni kitu cha maabara za mbali. Umo ndani ya taa za mrija zinazowaka madukani, umo katika ule mwanga wa kutia upofu unaotoka kwa fundi anayeunga vyuma kwa umeme, na umo katika kila radi. Hapa pana jambo la kustaajabisha: Sake, mji mdogo ulio chini ya vilima vya Mushaki, umo miongoni mwa mahali panapopigwa sana na umeme wa mbingu duniani kote. Uchunguzi wa setilaiti uliotangazwa mwaka 2016 ulipahesabia takriban mimweko 143 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na Kabare, upande wa kusini wa Ziwa Kivu, takriban 205. Katika mkondo wa radi hewa hufikia joto la digrii kama 30,000, ilhali uji wa mawe wa Nyiragongo, kwa utisho wake wote, hauzidi sana digrii 1,000. Mtu wa Sake ameishi na utegili tangu kuzaliwa kwake.

Moto tunaoutafuta ni utegili wa haidrojeni. Katika kitovu cha jua, penye joto la digrii kama milioni 15, viini vya haidrojeni hugongana na kuungana vikawa heli, na muungano huo hutoa nguvu zisizo kifani. Jambo hili si lile linalofanyika katika kinu cha nyuklia cha kawaida, kama kile cha TRICO kilichowashwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, mwaka 1959, ambamo viini vizito vya urani hupasuliwa. Huku viini vyepesi huunganishwa. Jua husaidiwa na uzito wake mkubwa unaoyabana yote kwa ndani. Sisi hatuna uzito huo, na kwa hivyo sharti tulipie upungufu wetu kwa joto: utegili wetu, uliochanganywa aina mbili za haidrojeni ziitwazo deuteri na triti, hutakiwa ufikie digrii milioni 150.

Nani anayehatarishwa, chungu au moto?

Sasa lazima nilisahihishe swali lenyewe kabla ya kulijibu, maana aulizaye huhofia kwamba moto utakiteketeza chombo, na hofu hiyo, ingawa si ya bure, haiko mahali pake. Utegili wa namna hii ni mwembamba mno. Chembe zake katika nafasi moja ni chache kuliko za hewa tunayovuta kwa zaidi ya mara laki mbili, na utegili wote utakaojaza kile kinu kikubwa cha ITER kinachojengwa Cadarache, Ufaransa, ambacho tumbo lake ni mita za ujazo kama 840, hautafikia uzito wa gramu moja. Kitu chepesi hivyo kikigusa ukuta wa chuma, aghalabu ukuta utajeruhiwa kidogo tu, bali utegili utapoa papo hapo na kuzimika. Anayehatarishwa zaidi ni moto.

Na hatari hiyo huja kwa kasi. Ioni ya deuteri yenye joto la digrii milioni 150 hukimbia kilomita zipatazo 1,100 kwa sekunde moja, yaani takriban umbali wa kutoka Mushaki hadi Mombasa ukipigwa mstari mnyoofu. Kutoka katikati ya utegili wa ITER hadi ukingoni ni mita mbili. Ioni iliyoachiwa njia yake huzimaliza katika sehemu mbili za milioni ya sekunde. Ili muungano wa viini ulipe gharama za kuuwasha, joto linatakiwa likae ndani kwa sekunde tatu hivi au nne. Kazi yote ya elimu hii, tangu mwanzo wake hata leo, ni kulijaza pengo lililo kati ya sehemu mbili za milioni ya sekunde na sekunde nne.

Kamba ya sumaku

Kinachosaidia ni kwamba chembe za utegili zina chaji, na chembe yenye chaji ikiwa mwendoni hupindwa na sumaku. Kila sumaku ina uga wake, yaani eneo linalohisi nguvu zake, na uga huo huchorwa kwa mistari inayoonyesha mwelekeo wake, ile ile inayojitokeza unga wa chuma unaponyunyizwa juu ya karatasi iliyowekewa sumaku chini yake. Nguvu ya sumaku haiisukumi chembe mbele wala haiizuii. Huivuta ubavuni siku zote, na kitu kinachovutwa ubavuni bila kukoma huishia kuzunguka.

Wafugaji wa Masisi watanielewa upesi nikisema kwamba hali ya chembe hiyo ni ile ya ng'ombe aliyefungwa kamba fupi, ambayo ncha yake ya pili imetiwa pete inayoteleza juu ya waya mrefu uliotandazwa malishoni: kuufuata waya huenda atakavyo, lakini kuuacha hawezi, isipokuwa kwa urefu wa kamba yake. Waya ni mstari wa uga wa sumaku. Kamba, kwa ioni ya deuteri iliyo katika ITER, ina urefu wa milimita kama nne, na kwa elektroni ni fupi zaidi kwa mara sitini hivi. Sumaku ikizidi nguvu, kamba hufupika. Chembe isiyo na chaji haina kamba kabisa, nayo hutoka ipendavyo.

Kwa ufupi: joto huipa chembe mbio, sumaku huinyima njia ya ubavuni, na njia ya kuufuata mstari hubaki wazi. Kubaki wazi kwa njia hiyo ndiko kulikowahangaisha wataalamu kwanza.

Mtego ulioko juu ya vichwa vyetu

Kabla binadamu hajafikiri kutega utegili, dunia ilikuwa imekwisha kuutega. Mwaka 1958 Mmarekani James Van Allen, kwa vyombo alivyovipandisha katika setilaiti za Explorer, aligundua kwamba dunia imezungukwa na mikanda ya chembe zenye mbio kali zilizonaswa katika uga wake wa sumaku. Afrika ya Mashariki nayo ina fungu lake katika habari hii, fungu ambalo kwa maoni yangu halijasimuliwa vya kutosha mashuleni. Katika bahari ya Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Waitalia walisimamisha majukwaa ya San Marco, wakaanza kurusha setilaiti kutoka hapo mwaka 1967. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliruka hapo setilaiti iliyopewa jina la Uhuru. Na tarehe 15 Novemba 1971 ikafuata Explorer 45, iliyokusudiwa hasa kuchunguza chembe zilizonaswa na sumaku ya dunia na dhoruba zinazozipata.

Namna mtego huo unavyofanya kazi ni hii. Mistari ya sumaku ya dunia hutoka upande wa kusini, hupanda mbali angani, kisha hushuka upande wa kaskazini. Na inapokaribia ncha za dunia hubanana, uga ukawa na nguvu zaidi. Chembe inayofuata mstari ikafika penye kubanana hupunguziwa mwendo wake wa mbele, hatimaye hurudishwa ilikotoka, ikawa inakwenda na kurudi baina ya kusini na kaskazini bila kuigusa ardhi. Fauka ya hayo, kwa kuwa uga hauna nguvu sawa karibu na mbali, mzunguko wa chembe haujifungi sawasawa, nayo husogea kidogo kidogo kuizunguka dunia, ioni zikielekea magharibi na elektroni mashariki. Kutokana na hilo hupatikana mkondo wa umeme wenye umbo la pete, ambao ndio uliotafutwa na chombo kilichorushwa Ngomeni.

Lakini mtego huu unavuja. Chembe inayokimbia karibu sambamba na mstari, bila kuzunguka sana, haihisi kizuizi cha nchani. Hupenya, huingia hewani, ikapotea. Walipotengeneza mitego ya mfano huo katika maabara miaka ya 1950, wataalamu walikutana na uvujaji ule ule, na kila chembe mbili zilipogongana, mojawapo iliweza kugeuzwa njia ikaelekezwa kwenye mlango. Dawa iliyowajia ilikuwa kuuondoa mlango wenyewe: kuunganisha ncha mbili za mtego ili mistari iwe pete.

Pete na msokoto

Laiti jambo lingekuwa jepesi hivyo. Katika pete, koili za sumaku hubanana upande wa ndani na huachana upande wa nje, kwa hiyo uga huwa na nguvu ndani na unyonge nje, na ule msogeo tuliouona angani hurudi: ioni husogea juu, elektroni husogea chini. Chaji zikitengana hivyo huzuka nguvu ya umeme kati yake, na nguvu hiyo, ikishirikiana na sumaku, huutupa utegili wote kwenye ukuta wa nje. Pete tupu haishiki kitu.

Ufumbuzi wake, ambao mimi nauhesabu miongoni mwa fikira nzuri kabisa za karne ya ishirini, ni kuisokota mistari ya sumaku, ili mstari unapoizunguka pete uwe pia unapanda na kushuka, mara juu, mara chini. Ioni inayoufuata mstari huo bado husogea juu daima. Lakini ikiwa nusu ya juu ya pete, msogeo huo huipeleka nje, na ikiwa nusu ya chini, msogeo ule ule huirudisha ndani. Kilichopotea juu hulipwa chini.

Kuusokota uga kuna njia mbili. Warusi Igor Tamm na Andrei Sakharov, mwaka 1950, walifikiri kupitisha mkondo wa umeme ndani ya utegili wenyewe, na chombo cha namna hiyo huitwa tokamaki. Mmarekani Lyman Spitzer, huko Princeton mwaka 1951, alipendelea kuupata msokoto kwa sumaku za nje, na chombo chake kikaitwa stelareta. Tokamaki ilitangulia kushinda. Mwaka 1968, katika mkutano wa Novosibirsk, Lev Artsimovich alitangaza kwamba tokamaki yao ya T-3 imefikia joto ambalo wengi hawakulisadiki, na mwaka uliofuata Waingereza kutoka Culham walikwenda Moscow na vyombo vyao vya kupimia kwa leza, wakaona kwamba ni kweli. Jambo hilo lilitendeka wakati wa uhasama mkubwa wa Mashariki na Magharibi, nami huliheshimu kila ninapolikumbuka.

Hasara na hesabu yake

Msokoto haukukomesha hasara, uliipunguza. Chembe huendelea kuponyoka kwa njia kubwa tatu:

1. Kwa kugongana. Ng'ombe wawili wakigongana, pete ya mmoja huruka ikashika waya wa jirani. Kila mgongano ni hatua moja yenye urefu wa kamba, na kwa kuwa hatua hizo hazina mwelekeo, upana wa chombo ukiongezwa mara mbili muda wa chembe kufika ukingoni huongezeka mara nne. Ndiyo maana vinu hivi vinazidi kuwa vikubwa.

2. Kwa njia za ndizi. Baadhi ya chembe hurudishwa na uga ulio mkali upande wa ndani wa pete, na njia zao zikichorwa huwa na umbo la ndizi. Hatua ya chembe hizo ni upana wa ndizi hiyo, ambao ni mkubwa kuliko kamba.

3. Kwa mchafuko. Utegili wenye joto kali katikati na baridi ukingoni hautulii. Huzua vizunguzungu vidogo vidogo visivyohesabika, ambavyo hubeba chembe na joto kuzipeleka nje.

Njia mbili za kwanza zilikadiriwa kwa kalamu na karatasi. Ile ya tatu iliwatesa watu kwa miaka mingi, kwa kuwa hesabu za kugongana ziliahidi kwamba sumaku ikiongezwa nguvu mara mbili hasara itapungua mara nne, na vyombo vingi vya mwanzo vilionyesha kwamba hupungua mara mbili tu. Kisha mwaka 1982, huko Garching, Ujerumani, Fritz Wagner na wenzake, wakiongeza joto katika chombo kiitwacho ASDEX, waliona jambo ambalo hakuna aliyelitabiri: joto lilipopita kiasi fulani, hasara ilishuka ghafla, na muda wa utegili kuhifadhi joto lake ukawa kama maradufu. Ilidhihirika baadaye kwamba ukingoni mwa utegili hujitengeneza tabaka jembamba, la sentimita chache, ambamo mikondo hupitana kwa kasi zisizolingana, ikavirarua vile vizunguzungu kabla havijakua. Hakuna ukuta uliojengwa hapo. Utegili ulijizuilia wenyewe. ITER imekadiriwa kwa kutegemea hali hiyo.

Niobi na bati

Sumaku ya kutosha kufupisha kamba hadi milimita nne haipatikani kwa waya wa shaba kwa muda mrefu, kwani shaba huukinza umeme, hupata moto, na kinu hula nguvu nyingi kuliko kitakazotoa. Hutakiwa waya wa madini ambayo, yakipozwa mno, huacha kuukinza umeme kabisa. Waya uliochaguliwa kwa koili 18 kubwa za ITER ni wa mchanganyiko wa niobi na bati, unaopozwa kwa heli hadi digrii 269 chini ya sifuri. Nyuzi zake zikiunganishwa hufika takriban kilomita 100,000. Kati ya baridi hiyo na utegili wa digrii milioni 150 pana mita chache tu.

Hapa ndipo magunia ya njia ya Mushaki yanaposhika nafasi yake. Koltani ni madini mawili yaliyochanganyika, tantali na niobi. Mwamba mwingine wenye niobi uko Lueshe, katika Rutshuru, na umewahi kuchimbwa. Bati nayo hutoka Walikale, ambako mgodi wa Bisie una mawe yenye kiwango cha bati kilicho miongoni mwa vikubwa kabisa duniani. Sitaki msomaji adanganyike: niobi nyingi ya dunia hutoka Brazili, hasa Araxá, na waya wa ITER haukungojea mchimbaji wa Masisi. Hata hivyo mtu anayechimba ana haki ya kujua thamani ya anachokichimba kwa ukamilifu wake, na thamani hiyo si ya simu peke yake. Mwalimu wa fizikia wa Masisi anayetafuta mfano wa somo lake la sumaku anao mlangoni kwake, na ni aibu kubwa kwamba vita vimemnyima mara kwa mara darasa la kuufundishia.

Hasara inayotakiwa

Nimesema mengi juu ya kuzuia, na yamkini msomaji sasa anadhani kwamba mtego ulio kamili, usiovuja hata chembe moja, ungekuwa tamati ya kazi. La, mtego huo ungeuzima moto. Viini vikiungana huacha heli, ambayo ndiyo majivu ya moto huu, na majivu yasipotolewa hujaa mahali pa haidrojeni mpaka isibaki ya kuungana. Kwa hiyo ukingoni mwa utegili mistari ya sumaku huachwa makusudi isijifunge. Chembe zinazofika hapo huongozwa chini ya chombo, kwenye sahani zilizotengwa kupokea mapigo yao, na kutoka hapo heli hufyonzwa nje.

Sahani hizo ndizo chungu pekee kinachoguswa na moto, na joto linalozipiga katika ITER litafikia megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na pengine mara mbili yake kwa muda mfupi. Zimetengenezwa kwa wolframu, chuma kinachoyeyuka kwa digrii 3,422, ambacho mawe yake huchimbwa pia katika Kivu pamoja na bati na koltani. Tarehe 12 Februari 2025 tokamaki ya WEST, iliyo huko huko Cadarache na ambayo kuta zake ni za wolframu, iliushika utegili wenye joto la digrii milioni 50 kwa sekunde 1,337, yaani dakika 22 na zaidi. Ule haukuwa utegili wa kuungana kwa deuteri na triti. Katika mpango uliotolewa mwaka 2024, ITER haitautia mchanganyiko huo kabla ya mwaka 2039. Mpaka wakati huo suala linaloshughulikiwa zaidi ni la sahani: namna ya kulitandaza joto ili lisipige mahali pamoja, na namna ya kuzuia vumbi la wolframu lisirudi ndani ya utegili likaupoza.